Shikoku Haitakufuata Chumbani

Wewe uliyeko Kobe, Tsukuba, Nagoya au Fukuoka kwa masomo, neno langu la leo ni lako. Mitihani ya muhula imekwisha, vyuo vingi vya Japani vimefunga, na havifungui tena mpaka Septemba inakaribia ukingoni. Najua ulivyojipangia: kulala mpaka saa nne, kupika ugali wa unga ulioununua kwa bei ya kuumiza, kuongea na nyumbani kwa simu, kuangalia mpira usiku. Siku zitaisha hivyo hivyo. Halafu utarudi Dar, Nairobi au Kampala, watakuuliza Japani ikoje, nawe utasimulia treni zisizochelewa na maduka yasiyofungwa. Kwa masimulizi hayo, hata ndugu yako aliyebaki nyumbani na simu yake atakuwa anakuzidi.

Inuka basi. Kiangazi hiki tafuta pikipiki, hata iwe ya cc 125, funga begi moja nyuma ya kiti, panda kivuko, ushuke kisiwa cha Shikoku. Na kabla hujaanza kunihesabia sababu za kutokwenda, ngoja kwanza nikuonyeshe unachokikosa.

Barabara namba 439

Katika visiwa vinne vikuu vya Japani, Shikoku ndicho kidogo kuliko vyote. Kina mikoa minne: Tokushima, Kagawa, Ehime na Kochi. Miji yake mikubwa imekaa pwani. Ndani ni milima iliyobanana na misitu mizito. Katikati ya milima hiyo inapita barabara ya taifa namba 439, kutoka mji wa Tokushima upande wa mashariki mpaka mji wa Shimanto upande wa kusini-magharibi, karibu kilomita 350.

Ukisikia barabara ya taifa, usiwaze magari manne yanapishana. Kuna mahali 439 ina njia mbili na mstari katikati, halafu bila taarifa inakonda ikawa ya gari moja, mlima umekuegemea huku na bonde linakuita kule, imepinda kama uchochoro wa Mji Mkongwe uliotundikwa mlimani. Majani makavu yamelala juu ya lami. Maji yanachuruzika kutoka kwenye mwamba. Kwenye kona kali utakuta kioo cha duara juu ya nguzo ya rangi ya chungwa. Unakitazama kabla hujaingia. Ukiona gari linakuja unajibanza pembeni, dereva anapita polepole, anakuinamishia kichwa, nawe unainamisha chako. Mmeshaamkiana, na hakuna aliyetamka neno.

Barabara inakupandisha mpaka ubavuni mwa mlima Tsurugi, wenye mita 1,955, ambako hata Agosti utataka kufunga zipu ya koti. Inakushusha bonde la Iya, ambako madaraja yaliyofumwa kwa mimea itambaayo yananing'inia juu ya mto. Wenyeji husimulia kwamba walioanza kuyafuma ni wakimbizi wa ukoo wa Taira, ulioshindwa vitani mwaka 1185, na kwamba walichagua mimea makusudi ili adui akitokea wayakate kwa panga. Kisha unapanda tena, unavuka kilele cha Kyobashira kwenye mpaka wa Tokushima na Kochi, juu ya mita 1,100, halafu unaanza mteremko mrefu wa kwenda kwenye mito ya Kochi, ambayo maji yake ni maangavu hadi unahesabu mawe ya chini.

Hiyo ndiyo njia. Sasa leta sababu zako.

"Sina pikipiki kubwa"

Huihitaji. Sheria ya Japani hairuhusu pikipiki ya cc 125 kushuka chini kuingia kwenye barabara za mwendokasi za kulipia. Wengi wakisikia hivyo husikitika. Mimi nakwambia sheria hiyo imekufanyia hisani, kwa sababu imekufungia njia ambayo ungeweza kuikata nchi nzima ukiona kuta za kuzuia kelele na vibao vya kijani tu. Imekulazimisha kupita kijijini.

Tazama namna ya kufika Shikoku yenyewe. Njia za madaraja zinazokiunganisha kisiwa hicho na Honshu ni tatu, na mbili kati yake ni za mwendokasi tu. Ya tatu ni Shimanami Kaido, iliyounganishwa yote mwaka 1999 kati ya Onomichi na Imabari, ikirukaruka juu ya visiwa vidogo vya bahari ya ndani. Hiyo ina njia ya pembeni kwa waendao kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki ndogo. Mwenye gari anapita juu kwa juu, dakika chache amefika. Wewe unateremka kwenye kila kisiwa, unakatiza mashamba ya machungwa na bandari za wavuvi, ndipo upande daraja linalofuata. Na ukitokea upande wa Osaka, kuna kivuko cha Wakayama kinachokufikisha Tokushima kwa muda wa kama saa mbili, na pikipiki yako imefungwa kamba chini.

Na ukishafika 439, utamshukuru Mungu kwa wepesi wa chombo chako. Mwenye pikipiki ya kilo 250 akikosea njia kwenye mteremko wa gari moja, kuigeuza ni kazi ya jasho. Wewe unashuka, unaigeuza kwa mikono, unaendelea. Tena pikipiki ya aina hiyo ikitunzwa inakwenda kilomita 50 na zaidi kwa lita moja. Piga hesabu: 439 yote, mwanzo mpaka mwisho, ni kama lita saba za petroli.

Ukiendelea kudharau udogo, mkumbuke Soichiro Honda. Alizaliwa mwaka 1906 karibu na Hamamatsu, baba yake mhunzi wa kijijini. Mwaka 1946 nchi ilikuwa imevunjwa na vita na usafiri ulikuwa taabu tupu. Honda akapata injini ndogo za jenereta za redio, masalia ya jeshi, akazifunga kwenye baiskeli. Kampuni ikaandikishwa mwaka 1948. Mwaka 1958 ikatoka Super Cub, ambayo haina klachi ya mkono, kwa hiyo mchukuzi wa tambi aliweza kuendesha kwa mkono mmoja na chakula cha wateja kikiwa mkono wa pili. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100 duniani. Kwa miaka mingi wapeleka barua wa Japani wamepanda milima kwa pikipiki za ukoo huo. Chombo kinachomfikishia bibi wa Iya barua yake mlangoni kitashindwaje kukufikisha wewe?

"Lugha hainipandi"

Kijijini maneno yanayotakiwa ni machache kuliko unavyodhani. Kando ya barabara utaona kibanda cha mbao kisicho na mtu. Juu ya rafu kuna mifuko ya nailoni: matango matatu, nyanya, biringanya zinazong'aa. Bei imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, yeni 100. Pembeni kuna kopo lenye tundu. Unatumbukiza sarafu, unaisikia inavyogonga chini, unachukua matango yako, unakwenda kuyaosha mtoni. Umefanya biashara na mkulima usiyemwona, naye amekuamini kabla hajakujua.

Kuna pia vituo vya kando ya barabara viitwavyo michi-no-eki. Vilianza rasmi mwaka 1993, na leo vimezidi 1,200 nchi nzima. Kuegesha ni bure, choo kiko wazi saa 24, na ndani kuna soko la mazao ya hapo hapo, mara nyingi jina la mkulima limebandikwa kwenye mfuko. Pumzika hapo, jaza maji, uliza hali ya barabara mbele kwa kuonyesha ramani kwa kidole.

Shikoku nayo ina malezi yake. Kisiwa kizima kimezungukwa na njia ya hija ya mahekalu 88 yanayohusishwa na mtawa Kukai, aliyezaliwa huko mwaka 774. Mzunguko wake ni kama kilomita 1,200. Kwa karne nyingi wenyeji wamekuwa wakimpa hujaji chai, chungwa au peremende bila malipo, wakiamini kwamba anayemsaidia msafiri naye amehiji. Watu waliokulia katika desturi hiyo hawashtuki kumwona mgeni mwenye vumbi. Jifunze salamu, shukrani na samahani kwa Kijapani, uyatamke kwa adabu. Kwa kuanzia yanatosha.

"Naogopa"

Ogopa, ni haki yako. Woga ndio utakaokufanya ufunge mkanda wa helmeti vizuri. Ila usiuachie usukani.

Ukifika mwisho wa 439 utakutana na mto Shimanto na madaraja yake yaitwayo chinkabashi. Ni ya zege, membamba, yamelala chini karibu na maji, na hayana kingo hata kidogo. Lile la Sada lina urefu wa karibu mita 290. Unaingia. Kulia kwako hakuna kitu, kushoto kwako hakuna kitu, chini ni maji ya kijani yanayokwenda bila haraka. Mikono inataka kukaza. Ilegeze. Shika gia ya chini, usiminye breki kwa pupa, tazama ng'ambo. Macho yakienda majini na tairi litayafuata; pikipiki huenda unakotazama.

Kwa nini hawakuweka kingo? Kimbunga kikipiga, mto hupanda ukalifunika daraja lote. Kama lingekuwa na kingo, magogo yangenasa, maji yangesukuma, na daraja lingeng'oka. Kwa hiyo walijenga daraja linalokubali kufunikwa. Mafuriko yanapita juu yake, maji yakishuka watu wanavuka tena.

Panga safari yako kwa akili hiyo hiyo. Agosti ni mwezi wa vimbunga, na mvua kubwa ikinyesha barabara za milimani hufungwa kwa maporomoko. Ikitokea, lala ulipo, au geuza upitie pwani. Usiweke ratiba ambayo siku moja ya mvua inaivunja. Anayejilazimisha kufika ndiye huokotwa bondeni. Anayekubali kuchelewa hufika na hadithi.

Joto nalo si la mchezo. Hamamatsu, kwao Honda, mwezi Agosti 2020 joto lilifika nyuzi 41.1. Dawa yake ni kuamka. Kiangazi cha Shikoku jua limeshatoka kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, na huo ndio muda wako: lami baridi, barabara tupu, ukungu bado umekaa mabondeni. Endesha mpaka saa tano, kisha kaa kivulini karibu na maji, uendelee alasiri. Vaa mikono mirefu, glavu na viatu vinavyofunika kifundo hata kama jasho linakutoka. Kunywa kabla ya kusikia kiu. Simama kabla ya giza, maana usiku kulungu na nguruwe mwitu ndio wenye barabara. Vituo vya mafuta vya milimani hufunga mapema, na vingine Jumapili havifungui, kwa hiyo tangi likifika nusu, jaza. Mpira mwekundu ndio wa petroli ya kawaida. Na pombe iache kabisa mpaka pikipiki ilale.

"Na leseni?"

Hapa nakuwa mkali, kwa sababu hamasa bila leseni ni njia ya kwenda mahakamani. Japani inakubali kibali cha kimataifa kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949, tena kwa muda usiozidi mwaka mmoja tangu uingie. Kibali cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 haikitambui. Si kila nchi ya kwetu imo katika ule wa Geneva, basi ulizia mapema, na uhakikishe kibali kina daraja la pikipiki. Kama unakaa Japani kwa miaka, nenda kituo cha leseni cha mkoa wako ubadilishe ya nyumbani, au jiandikishe shule ya udereva. Uhakikishe pia bima ya pikipiki unayokodi inakulinda wewe na utakayemgonga. Mtanzania, Mkenya na Mganda wana nafuu moja: Japani nako tunapita kushoto. Mwenzetu wa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi azoeze macho siku mbili tatu kwenye barabara tulivu.

Na kama leseni haitapatikana kiangazi hiki, usirudi kitandani. Kodi baiskeli Onomichi, uvuke Shimanami Kaido kwa miguu yako mwenyewe, huku karatasi za leseni zinaendelea kushughulikiwa kwa ajili ya mwaka ujao.

Kwa nini mwaka huu

Kwenye bonde la Iya, kando ya 439, kipo kijiji cha Nagoro. Unapoingia unamwona mtu amekaa kituoni akingoja basi, mwingine ameinama bustanini, wengine wamejipanga kando ya njia. Unapunguza mwendo uwaamkie. Hawajibu. Ni wanasesere wa kimo cha binadamu, wamevalishwa nguo na kofia za watu. Kazi hiyo ni ya mama mmoja, Tsukimi Ayano, aliyerudi kijijini kumtunza baba yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alishona sanamu ya kufukuza ndege shambani, ikafanana na baba. Akaendelea kushona, wengine kwa sura za majirani waliokufa au waliohama, wakawa mamia. Shule ya msingi ilifungwa mwaka 2012. Wanasesere ndio wamekaa madarasani. Watu wenye pumzi hapo hawafiki 30.

Nagoro haiko peke yake. Takwimu za serikali za mwaka 2023 zilikuta nyumba tupu milioni tisa Japani nzima. Kijiji utakachokiahirisha leo kinaweza kisiwe na mtu wa kukuamkia utakapokuwa na nafasi. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi nenda ukawe mgeni. Zima injini mbali kidogo, ondoa helmeti uso uonekane, amkia, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, nunua bakuli la tambi na mfuko wa nyanya. Kwa kijiji cha watu 30, mteja mmoja si mdogo.

Na usidhani wazee wa vijijini wamekaa wanangoja kuzikwa. Ukitokea Nagoya kwenda kwenye kivuko cha Wakayama kwa njia ya pwani, pitia Maruyama Senmaida, mashamba ya mpunga ya ngazi yaliyoko Kumano, mkoa wa Mie. Kumbukumbu za mwaka 1601 zilihesabu vijaruba 2,240. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilikuwa vimebaki kama 530, vingine vimemezwa na magugu na miti. Wenyeji, wengi wao wazee, wakaamua kuvifufua, wakarudi na majembe, kijaruba baada ya kijaruba. Leo viko 1,340. Simama pale juu mwezi Agosti uone kijani kilivyoshuka ngazi kwa ngazi mpaka bondeni, kisha ujipime. Hao walikuwa wazee wenye majembe. Wewe una miaka ishirini na kitu, na injini.

Anza leo

Usiku huu, kabla hujalala, fanya mambo manne. Toa leseni yako uisome, ujue imekuruhusu nini. Fungua ramani, uitafute 439 kwa kidole kutoka Tokushima mpaka Shimanto. Chagua tarehe, ukikumbuka kwamba katikati ya Agosti ni Obon, Wajapani wanarudi vijijini kuwakumbuka wafu wao, vivuko na nyumba za wageni hujaa. Kama unataka kuzikuta ngoma za Awa Odori mjini Tokushima, tarehe 12 hadi 15, weka nafasi mapema, la sivyo nenda baada yake, barabara zikiwa zimepumua. La nne, mwambie mtu mmoja tarehe hiyo, mtu wa kukuuliza ulifika wapi.

Usingoje mpaka uwe na pesa nyingi, Kijapani fasaha na pikipiki ya kutisha. Mwaka ujao una tasnifu. Mwaka wa pili yake utakuwa nyumbani, na kazi, na watoto, na harusi za kuchangia, na Shikoku itakuwa mbali kwa maelfu ya kilomita badala ya safari moja ya kivuko. Leo ipo hapo. Cc 125 zinatosha. Lita saba zinatosha. Maneno matatu yenye adabu yanatosha. Saa kumi na moja alfajiri, funga begi, kaza helmeti, kagua upepo wa matairi, uwashe.